Ukuta Mmoja, Masikio Mawili

Saa nane na robo usiku niliweka kiganja ukutani, nikauhisi ukuta unapumua.

Sina neno jingine la kulieleza. Wimbo wenyewe sikuusikia. Hapakuwa na mwimbaji wala ala niliyoweza kuitaja. Palikuwa na mdundo tu, dum, kimya kifupi, kisha dum, na ukuta ulikuwa baridi, unatetemeka chini ya vidole vyangu. Masikioni nilikuwa na vizibo vya sponji nilivyonunua mchana uleule, vile vyenye namba kubwa kuliko vyote rafuni. Pakiti iliandikwa 33. Nilivichukua nikiamini kwamba 33 inatosha kuuzima usiku wote.

Sikulala hadi saa kumi.

Huo ulikuwa mwezi wa kwanza tangu jirani wa upande wa pili ahamie. Sasa ni mwezi wa nne, na nimejaribu karibu kila kitu kinachoingia sikioni. Kelele imepungua, nalala, ningeweza kuliacha jambo hili hapo. Lakini kwa wiki kadhaa kuna swali limekuwa likinirudia kila ninapozima taa: kama vizibo ndivyo vilivyonisaidia, mbona usiku mwingi ninaolala vizuri sijavivaa?

Namba ya kwenye pakiti

Nilianza kwa kufuata namba, maana namba ndicho kitu pekee unachoweza kulinganisha ukiwa umesimama dukani. Namba hiyo inaeleza kizibo kinakata desibeli ngapi, yaani vipimo vya ukubwa wa sauti. Vizibo vinavyopimwa kwa utaratibu wa Marekani huandikwa NRR, na vinavyopimwa kwa utaratibu wa Ulaya huandikwa SNR. Kizibo kilekile hupata SNR iliyo juu kidogo ya NRR yake, kwa hiyo ukiziweka pakiti mbili za mifumo tofauti bega kwa bega unalinganisha ratili na kilo. Nilifanya hivyo jioni nzima kabla sijagundua kosa.

Halafu nikajifunza namba hizo zinatoka wapi. Zinatoka maabara, kwa watu walioketi wametulia, vizibo vimekaa sawasawa masikioni mwao. Kitandani uko peke yako gizani na hasira yako. Mwaka 1998, NIOSH, taasisi ya Marekani inayoshughulikia usalama na afya kazini, ilishauri namba ya vizibo vya sponji ikatwe nusu ili ikaribie hali halisi. Ile 33 yangu niliyoibeba kwa matumaini ikabaki 16 na ushei.

Nilivunjika moyo, ila sikupaswa. Desibeli hazihesabiwi kama kokoto. Zikipungua 10, nguvu ya sauti imeshuka mara kumi, na sikio linahisi kana kwamba kelele imebaki nusu. Shirika la Afya Duniani, kwenye mwongozo wake wa mwaka 1999, liliweka desibeli 30 kuwa kiwango cha kelele ya mfululizo isiyomsumbua mtu aliyelala, na 45 kwa kishindo cha mara moja. Anayetoka 45 akashuka hata 15 tu, amefika mahali pa kulala.

Tatizo langu lilikuwa kwamba sikuwa napata hata hizo 15.

Sekunde thelathini

Kwa siku kumi nilikuwa naviweka vibaya.

Aliyeniambia ni rafiki yangu anayefanya kazi kwenye mashine za kiwandani, mtu ambaye amevaa vizibo kila siku kwa miaka. Nilimlalamikia kwamba sponji hazifai kitu. Akaniomba niviweke mbele yake. Nikaviweka. Akanitazama, akatikisa kichwa taratibu.

"Hapo umevining'iniza tu, dada."

Kweli. Zaidi ya nusu ya kila kimoja ilikuwa nje. Nilikuwa navisukuma kwa kidole kama mtu anayeziba chupa, navyo vinajikunja mlangoni mwa sikio na kubaki pale.

Tundu la sikio la mtu mzima lina urefu wa kama sentimita mbili na nusu, na limepinda. Ndiyo maana kizibo kilichonyooka hakiingii kwa kusukumwa. Rafiki yangu alinielekeza hatua kwa hatua, na mpaka leo nazifuata. Nawa mikono kwanza. Kisha viringisha kizibo kati ya vidole, polepole, mpaka kiwe chembamba kama kijiti na kisiwe na mkunjo hata mmoja, kwa sababu kila mkunjo unageuka mfereji wa kupitishia sauti. Pitisha mkono wa upande mwingine nyuma ya kichwa, ushike sikio kwa juu, ulivute juu na nyuma. Hapo tundu linanyooka. Ingiza kizibo kabla hakijatanuka, ukishikilie kwa ncha ya kidole kwa sekunde 30.

Sekunde hizo 30 ndizo nilizokuwa nazikosa. Sponji inatanuka taratibu, na ukiiachia mapema inajisukuma nje yenyewe. Ukiishikilia, unasikia dunia ikiondoka kidogo kidogo: kwanza mlio mwembamba wa taa, kisha feni, kisha sauti yako mwenyewe inabadilika, inakuwa nzito na kuhamia ndani ya fuvu.

Kuna jaribio dogo alilonifundisha. Vizibo vikiwa ndani, funika masikio kwa viganja, kisha uachie, ukisikiliza kelele yoyote iliyopo chumbani. Ukisikia tofauti kubwa kati ya kufunika na kuachia, vizibo havijakaa. Ukisikia tofauti ndogo sana, umefika.

Na kuvitoa kuna utaratibu wake. Zungusha kwanza, kisha vuta pole pole. Kizibo kilichokaa vizuri kimeziba hewa, na ukikichomoa ghafla unakivuta kiwambo cha sikio pamoja nacho. Niliwahi kufanya hivyo asubuhi moja nikiwa na haraka, na maumivu yake nayakumbuka.

Usiku ule nilipoviweka ipasavyo kwa mara ya kwanza, sauti za watu upande wa pili zilipotea. Vicheko vilipotea. Maji ya bomba yalipotea.

Mdundo ukabaki.

Kinachopita ukutani

Hapa ndipo nilipokaa muda mrefu kuliko popote, nikisoma na kukasirika.

Sauti husafiri kwenye hewa ya kawaida ya chumbani kwa kasi ya takriban mita 343 kwa sekunde. Mdundo wa besi wenye mitetemo 50 kwa sekunde una wimbi lenye urefu wa karibu mita saba, refu kuliko chumba changu. Wimbi la namna hiyo linautikisa ukuta mzima kama ngozi ya ngoma, na ukuta unaliendeleza upande wangu. Maneno na vicheko vina mawimbi mafupi, na ukuta huyapunguza vizuri zaidi. Ndiyo sababu muziki wa jirani ukifika kwako unakuwa umechujwa: utamu wote umebaki kwake, wewe umeletewa pigo tupu.

Vizibo navyo vina tabia hiyohiyo. Vinakata sauti nyembamba kwa nguvu na sauti nzito kwa uchache, na kizibo kikiacha upenyo mdogo tu pembeni, besi ndiyo ya kwanza kuingia. Kwa hiyo ukuta unachuja, kizibo kinachuja tena kwa namna ileile, na kile hasa kinachokunyima usingizi kinapita kote kuwili.

Nilipakua programu ya simu ya kupima kelele nikitegemea ushahidi. Ilinionyesha namba ndogo, ya chumba tulivu kabisa. Nilihisi nimeambiwa muongo na kifaa changu mwenyewe. Baadaye nikaelewa kwamba vipimo vingi vya kawaida vimewekwa vifuate usikivu wa sikio la binadamu, na kwa mitetemo 50 kwa sekunde vinapunguza hesabu kwa desibeli 30 hivi. Kipimo kinaweza kusema kimya wakati kifua chako kinasema vingine. Ukimwonyesha mtu namba hiyo atakuona unalalamika bure. Naomba yeyote anayepitia hali hii alijue hilo kabla hajaanza kujitilia shaka.

Kitu kimoja kilinisaidia bila kuhusiana na masikio hata kidogo: nilisogeza kitanda. Ubao wa kichwani ulikuwa umeegemea ukuta tunaochangia, na mtetemo ulikuwa unapita kwenye ubao, godoro, mto, mpaka kwenye mfupa wa fuvu langu. Kizibo hakiwezi kuzuia njia hiyo. Nilikivuta kitanda kiasi cha mkono mmoja kutoka ukutani, na mdundo ukapoteza makali yake.

Siku tatu nilifurahi sana.

Nta, silikoni na sikio linalowasha

Katika wiki za utafutaji nilifika pia kwenye nta. Mwaka 1907 mfamasia wa Berlin aitwaye Max Negwer alianza kutengeneza vizibo vya nta na pamba akaviita Ohropax, jina lililoungwa kutokana na neno la Kijerumani la sikio na neno la Kilatini la amani. Wazo lenyewe lilitoka kwenye hadithi ya kale ya Wagiriki, ambamo Odiseo anawaziba mabaharia wake masikio kwa nta wasisikie nyimbo za kuwapoteza. Mwandishi Franz Kafka, ambaye kelele zilimtesa sana, aliagiza vizibo hivyo kutoka Berlin wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Kujua hayo kulinipa faraja isiyo na maelezo. Zaidi ya miaka mia moja kuna watu wanalala wakikanda nta kati ya vidole kwa sababu ya mtu wa chumba cha pili.

Nta inafuata umbo la sikio lako na haikusukumi kwa ndani. Silikoni laini inafanana nayo, na hiyo huwekwa juu ya mlango wa sikio tu, ibandikwe kama kifuniko. Usiisukume ndani, maana inaweza kukatika na kubaki humo. Kwangu mimi ninayelala kwa ubavu, hivyo viwili ndivyo nilivyoweza kulalia usiku kucha. Vile vya plastiki vyenye kijiti vilinichoma kila nilipogeuka. Vile vinavyouzwa kwa ajili ya tamasha za muziki niliviacha upesi: vimetengenezwa ili usikie muziki vizuri kwa sauti ya chini, na mimi sikutaka kuusikia vizuri.

Kuhusu usafi nitasema kifupi. Nilitumia jozi moja ya sponji usiku tisa mfululizo. Sikio likaanza kuwasha, kisha kuuma. Daktari alinikataza vizibo kwa wiki moja, akaniambia sponji hubadilishwa mara kwa mara, za kuoshwa huoshwa na kukaushwa kabisa, na mwenye kiwambo kilichotoboka au sikio linalotoa usaha asiweke kitu bila kuonwa kwanza.

Usiku mama aliponiita

Mama alikuja kukaa nami kwa wiki mbili. Alilala chumba cha pili, mlango wake ukitazamana na wangu.

Asubuhi ya siku ya nne nilimkuta jikoni amekaa, ameshika kikombe kwa mikono miwili. Akaniambia, kwa upole ambao ulikuwa mgumu kwangu kuliko lawama, "Usiku nilikuita, mwanangu."

Alikuwa ameamka kwenda msalani, kizunguzungu kikamshika, akaketi sakafuni ukumbini. Aliniita mara tatu. Alipoona kimya akangoja mpaka kichwa kikatulia, akajishika ukutani, akarudi kitandani mwake.

Mimi nilikuwa macho. Hilo ndilo sijaweza kulimeza. Saa hiyo nilikuwa nimelala chali, vizibo vimekaa kama nilivyofundishwa, nikisikiliza mdundo wa jirani. Besi ya mtu nisiyemjua ilinifikia kupitia ukuta na kizibo. Sauti ya mama haikunifikia.

Nilikuwa nimeisoma kanuni hiyo kwa wiki kadhaa, kwamba vizibo hukata sauti nyembamba zaidi ya nzito, na sikuwahi kujiuliza ni sauti gani za nyumbani zilizo nyembamba. Sauti ya mama mzee akiita kwa upole. Kilio cha mtoto mchanga. King'ora cha moshi, ambacho kwa kawaida hulia kwa mitetemo ipatayo 3,000 kwa sekunde, pale hasa vizibo vinapofanya kazi kwa bidii. Kifaa nilichonunua kinikinge na jirani kilikuwa kinanikinga zaidi na wale wanaonihitaji.

Tulinunua kengele isiyo na waya. Mama ana kitufe, mimi nina kisahani chini ya mto kinachotetemeka, cha aina wanayotumia watu wasiosikia. Niliunganisha na king'ora cha moshi pia. Ikiwa katika makala haya yote utachukua jambo moja, naomba liwe hili: kabla hujaziba masikio, amua nani atakufikia na kwa njia gani.

Sikio linalowinda

Baada ya usiku ule nilianza kujichunguza.

Nikivaa vizibo nilikuwa nasikia moyo wangu, pumzi yangu, mate yakishuka kooni. Hiyo ni kawaida. Ukiliziba sikio, sauti za mwili zinazopita mifupani hazipati pa kutokea, kwa hiyo zinasikika zaidi. Lakini niligundua kwamba nilikuwa nabana pumzi. Nilikuwa nabana pumzi ili nisikie kama mdundo bado upo.

Na ukiwa haupo, nilikuwa nangoja.

Kuna usiku mmoja jirani hakuwa nyumbani. Taa zake zilikuwa zimezimwa tangu jioni, nami nililiona hilo kwa macho yangu. Nilivaa vizibo hata hivyo, nikalala kwenye kimya kamili, na nilikaa macho hadi saa tisa nikisikiliza kitu ambacho hakikuwepo. Sikio langu lilikuwa limekuwa mwindaji. Kila nilipoliongezea giza, lilifungua macho zaidi.

Wataalamu wa masikio huonya kwamba anayevaa vizibo usiku na mchana anaweza kuufundisha ubongo kuongeza usikivu, kama anayepandisha sauti ya redio kwa sababu kituo kiko mbali. Mimi nilikuwa nimeanza kuvivaa hata mchana, nikisoma, nikipika, nikiogopa tu. Niliacha siku hiyohiyo.

Kitufe

Ndipo nilipokutana na jaribio la zamani ambalo limekaa kichwani mwangu tangu hapo. Wanasaikolojia wawili wa Marekani, David Glass na Jerome Singer, walichapisha mwaka 1972 matokeo ya majaribio yao kuhusu kelele. Waliwakalisha watu kwenye kelele kali inayokuja bila mpangilio. Baadhi yao walipewa kitufe na kuambiwa kwamba wakikibonyeza kelele itakoma, ila ingependeza wasikibonyeze. Karibu wote hawakukibonyeza. Walisikia kelele ileile, kwa muda uleule, kama wenzao wasio na kitufe. Lakini baadaye, walipopewa kazi za kufikiri, waliokuwa na kitufe walivumilia muda mrefu zaidi kwenye mafumbo magumu na walikosea mara chache kuliko wenzao.

Nililisoma hilo mara mbili, nikafunga kompyuta, nikakaa.

Sikuwa na kitufe. Miezi yote ile nilikuwa nanunua desibeli, na nilichokosa ni kujua kwamba kelele ina mwisho na kwamba mimi nina neno katika mwisho huo. Vizibo vilinipa kitu kinachofanana na kitufe, lakini nilikuwa nakibonyeza kabla hata ya kelele kuanza, kila usiku, kwa hofu.

Mlango wa pili

Nilibisha hodi Jumamosi alasiri. Nilichagua saa ambayo hapakuwa na kelele, kwa sababu nilijua nikienda wakati wa kelele nitaongea na hasira.

Alifungua kijana mwenye uso wa usingizi. Anafanya kazi zamu ya jioni, anarudi saa sita, na ule muziki ndio anaoteremshia siku yake. Nilimwambia ukweli: kwamba maneno ya nyimbo siyasikii, ni pigo tu, na linafika kwenye mto wangu. Nilimwomba aje aweke kiganja ukutani, upande wangu.

Alirudi kwake akawasha muziki kama anavyouwasha kila usiku, kisha akaja. Aliweka mkono ukutani. Akanyamaza muda mrefu.

"Samahani, dada. Kwangu hausikiki hivi."

Na ninamwamini. Yeye anasikia wimbo.

Spika yake kubwa ilikuwa sakafuni, imesukumwa kwenye kona ya ukuta wetu, mahali ambapo besi hukuzwa kuliko popote chumbani. Tuliihamishia upande mwingine, akaiweka juu ya mkeka mzito wa mpira, akapunguza besi kwenye redio yenyewe. Hakuahidi kuacha. Sikumwomba aache. Tulikubaliana kwamba siku atakayokuwa na wageni ataniandikia ujumbe na saa ya kumaliza.

Bado kuna usiku unapita saa aliyoitaja. Wiki iliyopita alivuka kwa dakika 40 na nikakasirika kama zamani, moyo ukidunda pamoja na ukuta. Niliviringisha nta, nikaiweka, nikahakikisha kisahani kiko chini ya mto, nikalala.

Lakini usiku mwingi kijisanduku cha vizibo kinakaa mezani karibu na taa, kimefungwa. Jana mdundo ulianza saa sita na nusu, mdogo, wa mbali. Ujumbe ulikuwa umeshaingia: *mpaka saa saba, dada*. Nilinyoosha mkono nikakigusa kijisanduku, nikajua kipo, nikaurudisha mkono chini ya shuka.

Saa saba ilipofika sikuisikia.